Basi Lililoipita Shule

Mliponiaga mlisema mengi mazuri, na kama kawaida yangu sikuyaamini yote. Nilikula keki, nikapokea kitenge, nikacheka palipostahili kucheka. Kisha mmoja wenu, yule aliyehamia kwenye meza yangu kabla hata kiti hakijapoa, akaniuliza, "Mwalimu, hii kazi ya kuwatafutia watu shule ulifundishwa na nani?" Nikamwambia nitaandika. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitaigusa. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi hii ya kuwapokea wahamiaji mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye kile chumba cha chini cha jengo la St. James Town ambacho ninyi mnakijua kama stoo. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi Morogoro, kwa hiyo nilidhani mambo ya shule nayajua. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kiti, simu, na ramani kubwa ya Toronto na miji ya pembeni. Saa haijapita akaingia mama wa Kirundi na watoto wawili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza njia ya kutorokea, "Dada, shule nzuri iko wapi?"

Nikamjibu palepale. Nilikuwa nimesoma gazetini kwamba shule za upande fulani zinasifika. Nikamwonyesha kwenye ramani, akashukuru, akaenda zake.

Meza ya pili alikaa Mama Odile, mzaliwa wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alingoja mlango ufungwe.

"Ile école, ile shule, uliionaka wapi?"

"Gazetini."

"Gazeti iko na watoto kule?"

Nikaanza kuikunja ramani.

"Sikia, dada. Bale banasema, banasema tu. Kesho tunaenda kuangalia."

Ndivyo nilivyopata mwalimu. Mama Odile hakuwahi kunipa karatasi ya kusoma. Alinipakia kwenye gari lake kuukuu ambalo mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, akanipeleka kusimama nje ya mageti ya shule wakati watoto wanatoka. Alinifundisha kuangalia nani anatoka na nani, na nani anatoka peke yake. Alinifundisha kumuuliza yule mzee mwenye kibao anayevusha watoto barabarani kabla sijamuuliza mkuu wa shule, kwa sababu mkuu wa shule ana la kuuza na mzee hana. Alinifundisha pia kuomba kwenda chooni. "Choo haina discours," alisema, yaani choo hakitoi hotuba.

Wakati ule kila mji ulikuwa na bodi yake ya shule. Mtu wa Don Mills alikuwa chini ya bodi moja, sisi wa katikati ya jiji chini ya nyingine, na wa Richmond Hill chini ya nyingine kabisa. Ungeweza kuvuka barabara moja tu ukakuta mwanao amepoteza mwalimu wa ziada aliyekuwa naye jana, au amempata ambaye hakuwahi kuwa naye. Watu wetu hawakulijua hilo. Walidhani shule ni shule, mradi ina bendera. Madalali wa nyumba walilijua vizuri mno.

Hapo ndipo anapoingia Kamene.

Kamene alikuwa Mkamba wa Machakos, akifanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulea. Mumewe, Mutiso, alikuwa kiwandani. Walikuwa na mtoto mchanga na binti wa miaka mitano, Mwende. Homa kali ilimharibu Mwende masikio akiwa mdogo. La kushoto lilikuwa limekufa, la kulia lilisikia kidogo kwa msaada wa kifaa. Shule yake ya hapo jirani na magorofa ilikuwa imempa mwalimu maalumu, na mwalimu wa darasa alivaa kipaza sauti kidogo kifuani kilichopeleka sauti moja kwa moja kwenye sikio la mtoto. Lakini darasa lilijaa, mwalimu maalumu alikuja kwa nadra, na Mwende alikuwa ameanza kunyamaza. Alijifunza kwa kuangalia wenzake: wakisimama anasimama, wakicheka anacheka.

"Anaigiza kusikia," Kamene aliniambia. "Nikimuuliza mwalimu amesema nini, ananionyesha picha amechora. Neno hana."

Walitaka kuhama. Na tayari walikuwa wamempata dalali, mtu wa kwetu, wa kanisani kwao, Ndugu Elkana. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye koti la sufu, na alisalimia kila mtu kwa mikono miwili. Alikuwa anauza nyumba kwenye kitongoji kipya huko kaskazini, mbele ya Richmond Hill, mahali ambapo mwaka uliotangulia palikuwa shamba la mahindi.

Nilimshuku tangu alipofungua mdomo. Kila tulichouliza, kipo. Kifaa cha kusikia? Kipo. Mwalimu maalumu? Yupo. Shule? Karibu sana.

"Bwana asifiwe, Mwalimu," alinijibu nilipozidi kudadisi. "Mimi mwenyewe nakaa huko na familia yangu. Ningewapeleka watu wa kanisa langu mahali pabaya?"

Mutiso alifurahi. Alikuwa ameshaona chumba cha kuegeshea gari na ngazi za ndani, na mtu akishaona ngazi za ndani ya nyumba yake haoni kingine.

Jumatano moja ya baridi Elkana alituchukua kwenda kuuona mtaa na shule, sisi watatu: Kamene, Mutiso na mimi. Ilikuwa shule ya kupendeza. Vioo virefu, maktaba yenye matakia sakafuni, ukumbi wa michezo unaonukia mbao mpya. Watoto walikuwa wameshatoka. Mwalimu mmoja mchangamfu alituzungusha, akatupa mkono, akatutakia heri. Mutiso alitoka anang'aa.

Mimi nilitoka na kitu kinanikwaruza, na sikukipata mpaka tulipofika kwenye gari. Hakuna aliyetuuliza tunakwenda kukaa wapi. Ninyi mnajua: shule yoyote ya nchi hii, ukifungua mlango tu, karani anauliza anwani kabla ya jina. Shule isiyokuuliza anwani inakuona mtalii.

Kesho yake nikapiga simu kwenye bodi ya huko, nikataja jina la mtaa. Karani akatafuta kwenye ramani yake.

"Huo mtaa haupo, mama."

"Nimeukanyaga jana."

"Basi ni mpya mno. Ramani zetu hazijafika huko. Piga tena mwezi ujao."

Mwezi ujao ungekuwa umechelewa. Mutiso alikuwa atie saini Jumamosi. Nilipomwambia asubiri, alinijia juu palepale ofisini, mbele ya watu.

"Kwani wewe unataka tukae huku kwa magorofa milele? Sisi tukihama, nyinyi mtahudumia nani? Kazi yenu ni kuona watu hawaendi mbele."

Iliniuma. Iliniuma zaidi kwa kuwa wengine waliokuwa wanasubiri waliinamisha vichwa kama wanaokubaliana naye. Tulikuwa tumefikia hapo: mimi namshuku dalali, Mutiso ananishuku mimi, na Kamene, nilivyomwona, anatushuku wote watatu.

Aliyekata shauri ni Mama Odile, aliyekuwa akisikiliza huku anamenya chungwa.

"Watoto ba ule mtaa banasoma leo?" aliuliza.

"Wanasoma," nikasema.

"Basi iko bus. Tunafuata bus."

Ijumaa asubuhi Kamene alitoka zamu, hakwenda kulala. Alijifunga skafu juu ya sare yake ya kazi, akaingia kiti cha nyuma. Mutiso hakuambiwa. Tulifika kile kitongoji kukiwa kumeanza kupambazuka, nyumba zote zimefanana kama mikate ya tanuri moja, theluji imesukumwa pembeni. Tuliegesha kwenye kona. Watoto walikuwa wamekusanyika karibu na nguzo ya taa pamoja na mama zao, wanarukaruka kwa baridi.

Kamene akasogea mbele, akafuta ukungu kwenye kioo kwa mkono.

"Yule si Mama Salome?"

Alikuwa ndiye, mke wa Elkana, ameshika mkono wa binti yake Salome, wa rika moja na Mwende. Basi la njano likaja, akamnyanyua mtoto kwenye ngazi, akasimama anapunga mpaka lilipoondoka.

"Kwa hiyo mtoto wake pia anapanda basi," Kamene akasema polepole. "Na alisema shule ni karibu. Mtu anapanda basi kwenda karibu?"

"Labda kwa sababu ya theluji," nikasema, bila kujiamini.

Mama Odile akawasha gari. Tulilifuata lile basi kwa nyuma kama wezi wasio na uzoefu, linaposimama tunasimama, na dereva nafikiri alitugundua mapema sana. Likakata kona, na mbele yetu ikatokea ile shule nzuri, vioo vyake vimewaka taa, watoto wanaingia na mikoba mgongoni. Basi halikupunguza mwendo. Likapita geti, likapita uwanja, likapita hata njia ya nyuma niliyokuwa nimejipa matumaini nayo.

Kisha Kamene, nyuma yetu: "Imepita."

"Njo vile," Mama Odile akajibu. "Imepita."

Liliendelea. Tukaacha nyumba mpya, tukavuka barabara kuu, tukapita maghala na kiwanja cha magari mabovu, tukavuka reli. Nikageuka kumwangalia Kamene. Alikuwa ameweka viganja juu ya magoti, macho makavu, anahesabu jambo moyoni ambalo sikutaka kumuuliza. Hatimaye basi likaingia kwenye uwanja wa shule ya zamani ya matofali, mji wa jirani. Uani walikuwa wameongeza vyumba vya mbao, vimepangwa safu kwenye theluji, na watoto wa basi wote, Salome akiwemo, wakaelekea huko.

"Turudi," nikasema. Nilikuwa nimeona ya kutosha.

"Hapana," Kamene akasema. "Tumeona ubaya wa Elkana. Shule hatujaiona."

Tukaingia. Karani, kabla hajainua uso, akauliza, "Anwani yenu?" Nakiri moyo ulinilegea kidogo.

Mkuu wa shule alikuwa mwanamke mfupi asiye na tabasamu la kugawa. Alitueleza bila kuzunguka. Kile kitongoji kipya hakikuwa na shule. Ile nzuri iliyo jirani ilikuwa imejaa tangu ilipofunguliwa, ikichukua watoto wa mitaa yake tu. Wa mtaa wa Elkana walikuwa wanaletwa kwake mpaka shule nyingine ijengwe, na ni lini itajengwa yeye hajui, na anayesema anajua tumwogope.

Akatuonyesha vile vyumba vya mbao. Vilikuwa safi. Lakini kila kimoja kilikuwa na mashine ya joto ukutani, na mashine ikiwaka inanguruma kama lori. Kamene alisimama nyuma ya darasa, akaliziba sikio moja kabisa kwa kidole, na la pili akalifunika nusu kwa kiganja. Alikaa hivyo kitambo, watoto wanamshangaa. Alipotoka alisema, "Hapa mwanangu hatasikia hata jina lake."

"Nakubaliana nawe," mkuu wa shule akasema. "Ndiyo maana mtoto kama wako simweki huku."

Akatupeleka ndani, jengo la matofali, kwenye chumba cha mwisho cha korido. Kilikuwa na zulia kutoka ukuta hadi ukuta, na mapazia mazito, na miguu ya viti imevishwa mipira ya tenisi. Mvulana mmoja alikuwa na kifaa kama cha Mwende. Mwalimu, mama wa makamo mwenye mvi, alikuwa anaandika ubaoni kimya. Akamaliza, akaweka chaki, akageuka, ndipo akaanza kusema. Hakusema neno hata moja akiwa ameligeuzia darasa mgongo.

Mimi niliendelea kushuku. Nikauliza mwalimu maalumu anakuja mara ngapi, nani anabadilisha betri, itakuwaje mwalimu huyu akiugua. Nikaenda chooni. Choo kilikuwa sawa. Nikatoka nje kumtafuta mzee anayevusha watoto. Alikuwa Mreno mwenye soksi juu ya glovu, akanitazama kama niliyerukwa na akili. "Wajukuu wangu wote wamesoma hapa," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyenipa kazi ya kumfuta machozi."

Niliporudi, Kamene alikuwa anamtazama yule mwalimu mdomo.

Jumamosi, badala ya kutia saini, Mutiso alimkuta mkewe amekaa sebuleni na Elkana amealikwa chai. Mimi nilikuwepo kwa sababu Kamene alitaka shahidi. Alieleza aliyoyaona bila kupandisha sauti. Mutiso alisimama.

"Elkana. Ni kweli?"

"Sikusema uongo," Elkana akasema. "Nilisema shule iko karibu. Iko karibu."

"Ya nani?"

Elkana akaangalia kikombe. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hila nyingine, na nilikuwa na jibu la kila hila. Alichosema hakikuwa hila.

"Mimi pia niliambiwa hivyohivyo. Nikanunua. Salome anatapika kwenye basi kila wiki. Mke wangu huko hana wa kumwambia habari ya asubuhi. Majirani wanatupungia mikono tu kutoka kwenye magari. Nilifikiri tukiwa wengi, watu wetu, tungeweza kuidai hiyo shule. Tungekuwa na kanisa dogo. Mtu angekuja kukopa chumvi."

"Ungetuambia hivyo," Kamene akasema.

"Mngekuja?"

Mutiso, aliyekuwa na mkono wa kupiga mtu, aliketi. Akasema, "Manze, Elkana, ungetuuzia upweke wako?" Elkana akachukua koti lake la sufu, akaaga kwa mikono miwili kama kawaida yake, na nilipompa wangu nilikuwa sijui kama nimemsamehe. Sijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba aliacha kuuza nyumba za kitongoji kile, na wakati wa kiangazi mkewe alikuwa miongoni mwa wazazi waliokwenda kwenye bodi kudai shule, na alizungumza muda mrefu kuliko wote.

Kamene na Mutiso walipanga nyumba ndogo upande wa pili wa reli, umbali wa kutembea kutoka ile shule ya matofali. Haikuwa na chumba cha gari. Ngazi zilikuwepo, lakini za kushukia chini. Mutiso alinuna msimu mzima, kisha akaanza kupanda sukuma wiki nyuma ya nyumba na kunialika nije nichume, ambayo kwa Mutiso ndiyo ilikuwa kuomba radhi.

Shule ilipofunguliwa Septemba nilichukua ruhusa kazini nikaenda. Mama Odile alinicheka. "Wewe sasa unashuku kunishinda," alisema. Mimi na Kamene tulimpeleka Mwende mpaka mlango wa kile chumba chenye zulia. Aliingia bila kugeuka, mkono umeshika sikio la kulia.

Jioni yake tulikuwa kwenye uzio mapema kuliko wazazi wote. Kamene alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Kengele ikalia, watoto wakamwagika, na Mwende akatokea anakimbia, anaongea Kiingereza kabla hajatufikia. Kuna sungura darasani. Sungura ana kizimba. Sungura anaitwa Biskuti.

Kamene alimwinamia. "Nani amekuonyesha?"

"Hakuna," Mwende akajibu, kwa Kiingereza chake. "Mwalimu amesema."

"Amechora?"

"Amesema tu."

Kamene alisimama wima. Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa nimshike, akaingia ndani ya jengo kwa hatua za mtu anayekwenda kudai haki. Nilimwona kupitia dirishani. Alimwendea yule mwalimu mwenye mvi, akauliza kitu akinyooshea kidole kwenye kona, na mwalimu akageuka kumtazama usoni, akajibu.

Alipotoka alipita mbele yangu bila kumchukua mtoto. Alipiga magoti kwenye lami, sare yake ya kazi na yote, akamshika Mwende mashavu.

"Ni kweli," alisema. "Anaitwa Biskuti."